Jinsi ya Kutumia Dodoso Kubashiri Maumivu Sugu ya Neva Baada ya Mkanda wa Jeshi

Vipele vya mkanda wa jeshi kwa kawaida hupona ndani ya wiki 2 hadi 4, lakini kwa baadhi ya wagonjwa maumivu hubaki, na yakipita siku 90 tangu vipele vilipojitokeza huhesabiwa kuwa sugu. Dodoso humsaidia mhudumu kujua mapema ni nani wa kufuatiliwa kwa karibu.

Hatua ya 1: Andika tarehe mbili, ya maumivu kuanza na ya kipele cha kwanza, kwa kuwa maumivu yanayotangulia vipele ni mojawapo ya viashiria vya hatari. Dodoso lisicheleweshe dawa ya virusi, ambayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vijitokeze.

Hatua ya 2: Mwombe mgonjwa ayape maumivu namba kati ya 0 na 10.

Hatua ya 3: Jaza dodoso la DN4, la kutambua maumivu ya neva, lililotolewa nchini Ufaransa mwaka 2005. Lina vipengele 10, yaani 7 vya kuuliza na 3 vya kupima ngozi. Hapa uwe makini na neno "kuwasha", kwani pilipili huwasha na upele pia huwasha, ilhali dodoso linatenganisha hisia ya kuungua na hamu ya kujikuna. Mgonjwa akisema "panawasha", muulize anatamani kupapoza au kupakuna. Kisha pitisha brashi laini juu ya ngozi isiyo na vidonda iliyo ndani ya eneo linalouma, kamwe si juu ya malengelenge mabichi, na ulinganishe na upande wa pili wa mwili. Aliyeingia ameshikilia shati lisimguse ubavuni amekwisha kukujibu nusu ya kipimo hiki.

Hatua ya 4: Soma alama pamoja na mgonjwa mwenyewe. Alama 4 au zaidi huashiria maumivu ya neva, lakini DN4 iliundwa kutambua aina ya maumivu ya leo, si kutabiri ya miezi mitatu ijayo, na katika wiki ya kwanza neva huwa imeshambuliwa tayari. Kwa hiyo alama 6 za mzee wa miaka 72 mwenye maumivu ya 8 na vipele vingi zina uzito zaidi kuliko alama 6 za kijana wa miaka 28 mwenye maumivu ya 3. Kwenye viashiria vya hatari ongeza pia upungufu wa kinga, na vipele vya eneo la jicho, ambavyo vinahitaji rufaa ya haraka bila kujali alama.

Hatua ya 5: Rudia kila baada ya wiki chache, kwa maneno yaleyale. Alama zisiposhuka, usingoje siku ya 90 ndipo ujadili na daktari dawa za maumivu ya neva kama amitriptilini au gabapentini. Ukifuatilia kwa simu, tumia maswali 7 pekee, ambapo alama 3 au zaidi ndizo huashiria maumivu ya neva, na uandike wazi "kati ya 7", yasije yakalinganishwa na alama za 10.