Kukata mstari wa maandishi vipande katika lugha ya C
Tuchukue mstari mmoja wa daftari la mapokezi katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, uliohifadhiwa kwenye kompyuta hivi: "dagaa,,42". Sehemu ya pili, yaani jina la mtumbwi, haikujazwa.

Wengi huanza na strtok, funksheni ya C ya kukata maandishi, ambayo hupewa mstari mara ya kwanza, kisha NULL (kielekezi kisichoelekeza popote) katika miito inayofuata. Ieleweke vyema kabla ya kutumiwa: haitoi nakala, bali huandika baiti ya sifuri (alama ya mwisho wa maandishi katika C) juu ya mkato, hivyo mstari wa asili huharibika. Baya zaidi, mikato miwili inayofuatana huihesabu kuwa mmoja, na kilo 42 zitasomwa kama jina la mtumbwi.

Kwa sababu hiyo napendelea strcspn, funksheni inayohesabu baiti zilizo kabla ya alama uliyoitaja. Weka kielekezi p (pointer) mwanzoni mwa mstari; n = strcspn(p, ",") itakupa urefu wa kipande, hata kama ni 0. Tumia baiti hizo n, kisha chunguza p[n]: ikiwa ni mkato, sogeza p kwa n + 1 na urudie, ikiwa ni baiti ya sifuri, mstari umekwisha. Kwa kuwa kipande kilichopatikana hakina sifuri yake mwishoni, kichapishe kwa printf yenye "%.*s", ukitanguliza (int)n kabla ya p.