Kuku Anayeatamia na Vifaranga Wake: Usimwachie Mama Kazi Yote

Kuku aliyekaza kuatamia hujitambulisha mwenyewe. Hatoki kiotani usiku wala mchana, ukinyoosha mkono anatimua manyoya na kuguna, na akitoka mara moja kwa siku kula, huacha kinyesi kikubwa chenye harufu kali. Hata hivyo usimwekee mayai siku hiyohiyo. Mwachie mawili au matatu usiyotaka kuyatotolesha, umwangalie kwa siku mbili tatu, maana wengine hughairi.

Siku hizo zitumie kumwondolea wadudu. Kuku anayeatamia hula kidogo sana, na utitiri ukimnyonya damu kila usiku ataacha mayai au atadhoofika vibaya. Choma nyasi za kiota cha zamani, mpake kuku dawa ya unga chini ya mbawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha mtengenezee kiota kipya chini, mahali penye kiza na utulivu. Upana wa sentimita 35 kila upande unatosha. Mhamishe usiku, mchana atarudi alikotoka.

Mayai yawe safi, yasiyo na ufa, na yasiwe yameoshwa, kwa sababu maji huondoa utando unaozuia vijidudu kupenya ganda. Chagua yaliyokaa mahali pa baridi kwa muda usiozidi siku 7. Idadi ya 10 hadi 13 inamtosha kuku wa kawaida. Wafugaji wengi hukosea hapa kwa tamaa: wanaweka 18 wakidhani hasara ni yale machache yanayobaki nje. Sivyo. Kuku huyageuza mayai mara nyingi kwa siku na kuyahamisha kutoka pembeni kwenda katikati, kwa hiyo kila yai litapata zamu yake ya kupigwa baridi, na unaweza kuharibu kiota kizima.

Yaweke yote siku moja na uyatie alama kwa penseli. Mimi nilipuuza alama hiyo mwaka mmoja. Kuku wengine wakawa wanataga humohumo, vifaranga wa kwanza wakatoka, mama akaondoka nao, na nikakuta mayai yenye vifaranga hai ndani yamepoa. Ilinisikitisha sana. Tangu hapo, yai lisilo na alama naliondoa jioni ileile.

Siku ya 7, usiku, yamulike kwa tochi. Yai lenye kifaranga hai linaonyesha mishipa ya damu iliyotanda kama miguu ya buibui. Lililo jeupe lote halina kitu, litoe. Kuanzia siku ya 18 usimsumbue tena. Siku ya 21 vifaranga wanapodonoa ganda, usiwasaidie kulibandua: utando wa ndani bado una damu, na anayeharakishwa huvuja damu akafa. Wala usihofu kwamba hawajala. Kiini cha yai walichokifyonza mwilini kinawatosha kwa siku mbili hivi.

Sasa ndipo kazi ngumu inapoanza. Mama hodari wa kutotoa anaweza kutoka na vifaranga 11 akabaki na watatu, kwa kuwa anawatembeza kwenye umande, mbele ya mwewe na paka. Kwa wiki 4 za mwanzo wafungie pamoja naye, kwenye kibanda kidogo au chini ya tenga pana, usiku waingie mahali ambapo panya hapenyi. Maji yawe kwenye chombo kifupi chenye kokoto ndani ili wasizame. Wape wote chakula cha vifaranga. Kile cha kuku wa mayai kina kalsiamu nyingi inayoharibu figo za wadogo, ilhali mama, akiwa hatagi, hapungukiwi kitu. Ukimwona anawapokonya, wawekee chao nyuma ya fito zilizoachana kiasi cha kifaranga kupita.

Matandiko yakilowa, badilisha siku hiyohiyo. Unyevu ndio unaolea vimelea vya kuhara damu, ugonjwa unaowakumba hasa kuanzia wiki ya tatu. Chanjo ya kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku wengi, nayo isisubiri ugonjwa uingie kwa jirani. Panga tarehe na mtaalamu wa mifugo mapema, na chanjo uiweke kwenye ubaridi mpaka dakika ya kuitumia.

Wakishaota manyoya ya kutosha, wiki ya 4 kukiwa na joto au ya 6 kukiwa na baridi, watenganishe. Mwondoe mama, vifaranga uwaache pale walipopazoea. Watalia siku moja au mbili, kisha watalala wakiwa wamekumbatana.

Kama hukutaka kuku aatamie, usimtose majini wala kumfunga kamba. Mweke kwenye kizimba chenye sakafu ya waya inayopitisha hewa, pasipo nyasi, akiwa na chakula na maji. Siku 3 au 4 humtosha kuacha.