Goti bandia likianza kuuma tena: mambo ya kufanya kabla ya kukubali upasuaji wa kurudia

Mtu aliyewekewa goti bandia akaishi nalo kwa amani, kisha likaanza kumsumbua, swali lake la kwanza huwa ni bei ya kulibadilisha. Swali hilo lisubiri. Kwanza ijulikane goti limeharibikia wapi, kwa sababu goti likifunguliwa bila chanzo kujulikana, mara nyingi mgonjwa hubaki na maumivu yale yale, na mfupa umepungua.

Ndani ya goti hilo kuna kofia ya chuma iliyovikwa ncha ya mfupa wa paja, sahani ya chuma iliyokaa juu ya mfupa wa muundi, na plastiki ngumu katikati yake. Wengine wana kipande cha plastiki hata nyuma ya pia ya goti. Mara nyingi vyuma hushikwa na saruji ya mifupa.

Sikiliza maumivu yanakuja lini. Yakikukamata unapoinuka kitini na katika hatua za kwanza, kisha yakapungua ukishatembea kidogo, huenda chuma kimelegea. Goti likitaka kukuponyoka unaposhuka ngazi au mteremko, huenda shida iko kwenye kano au plastiki iliyolika. Maumivu yasiyolala usiku, joto, uvimbe, au kidonda kinachotoa maji: hapo fikiria bakteria kabla ya kingine chochote. Ukianguka na goti likakataa kubeba uzito, piga eksirei siku hiyo hiyo, mfupa unaweza kuwa umevunjika pembeni ya chuma. Tena nyonga ipigwe picha. Nyonga mbovu huweza kuumia gotini, na kwa mwenye selimundu, ugonjwa ambao Uganda tunaufahamu vizuri, kichwa cha mfupa wa paja hufa mara nyingi.

Vipimo vya kuanzia ni damu (ESR na CRP, vinavyoonyesha kama kuna uvimbe au bakteria mwilini) na eksirei iliyopigwa ukiwa umesimama. Leta na picha za zamani, maana daktari hutambua kulegea kwa kulinganisha. Vikionyesha dalili ya bakteria, maji ya goti yavutwe kwa sindano katika chumba safi. Goti lililokaa zaidi ya wiki 6 tangu upasuaji, chembe nyeupe za maji hayo zikizidi 3,000 kwa kila mikrolita, na neutrofili (aina moja ya chembe hizo) zikizidi asilimia 80, hutiliwa shaka kubwa. Maabara iambiwe ioteshe sampuli hadi siku 14, kwani wako bakteria wanaoota polepole. Kifua kikuu cha goti nacho hakionekani katika kuotesha kwa kawaida, kwa hiyo kiombewe kipimo chake.

Kosa linaloharibu kazi hii yote hufanyika kwenye duka la dawa. Mtu ananunua vidonge vya kuua bakteria, anameza siku tano, uvimbe unashuka, halafu sindano inavuta maji yasiyootesha kitu. Bakteria wamejificha kwenye utando juu ya chuma, ambako vidonge haviwafikii vya kutosha. Kama umeshameza na huna homa kali, kwa kawaida daktari atakusimamisha dawa kwa wiki 2 au zaidi kabla ya kuvuta maji. Mwenye homa kali na kutetemeka asisubiri, aende hospitali mara moja. Na usikubali sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya goti bandia.

Muda nao una uzito. Bakteria wakigunduliwa ndani ya wiki 4 hivi baada ya upasuaji, au dalili zikiwa hazijazidi wiki 3, daktari anaweza kuosha goti, kubadilisha plastiki na kuacha vyuma. Ukichelewa, njia inayotumika sana ni upasuaji wa hatua mbili. Katika ya kwanza vyuma na saruji yote hutolewa, sampuli za nyama angalau 5 huchukuliwa, na nafasi hujazwa kizibo cha saruji yenye dawa. Kila pakiti ya saruji ya gramu 40 huchanganywa na gramu 2 hadi 4 za vancomycin, dawa ya unga ya kuua bakteria inayostahimili joto la saruji inapoganda. Figo zipimwe. Dawa huendelea kwa takriban wiki 6 huku mgonjwa akitembea kwa magongo, na goti jipya huwekwa vipimo vikiwa shwari. Hilo mara nyingi huhitaji nguzo ndefu ndani ya mfupa na vipande vya chuma vya kuziba mahali mfupa ulipolika.

Tafuta faili la upasuaji wa kwanza. Humo hubandikwa stika za kila kipande: kampuni, saizi na namba. Zipige picha kwa simu, na kama huna faili, rudi hospitali ulikofanyiwa ukaziombe. Ikihitajika plastiki peke yake, lazima iendane na chuma kilichopo. Isipopatikana, vyuma vizima huenda vikang'olewa. Vipande vya upasuaji wa kurudia huagizwa mapema, kwa hiyo omba bei kwa maandishi, pamoja na saruji, damu na fiziotherapia. Anayetoka Arua au Kabale apange vipimo vyote katika safari moja ya Kampala.

Kabla ya kuingia thieta, meno yaliyooza yatibiwe, sukari ishuke, mkojo upimwe. Angalia miguu: kidonda, fangasi kati ya vidole, funza, pamoja na chale za mganga kuzunguka goti, vyote vipone kwanza. Ngozi yenye mlango wazi huingiza bakteria.

Baada ya upasuaji, kunyoosha goti kabisa ni muhimu kuliko kulikunja. Usiweke mto chini yake, ingawa ndivyo linavyotulia, maana litaganda likiwa limepinda. Goti lililorudiwa mara nyingi hukunja nyuzi 90 hadi 100 tu, basi choo cha shimo cha kuchuchumaa hakitumiki tena. Seremala akutengenezee kiti imara chenye tundu, chenye mikono ya kushikilia, kabla hujatoka wodini. Boda boda iache mpaka daktari akuruhusu. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, kimbilia hospitali, huenda damu imeganda. Na kidonda kikiendelea kutoa maji zaidi ya siku 7, mrudie aliyekupasua, hata kama duka la dawa liko karibu zaidi.