Jan, May na June: kuizuia Excel isiwageuze watu kuwa miezi

Umepanga majina A hadi Z kwenye PivotTable (jedwali la muhtasari la Excel), lakini juu kabisa, kabla ya Abdallah, wamekaa Jan, May na June. Excel ina orodha zake za ndani za miezi na siku, kwa kifupi na kwa kirefu, na PivotTable hutanguliza jina lolote lililomo humo. January wa Tanzania na Sunday wa Uganda nao hurukia juu vivyo hivyo.

Bofya kulia ndani ya jedwali, chagua PivotTable Options, fungua Totals & Filters, toa tiki kwenye "Use Custom Lists when sorting", kisha Refresh na upange upya.

Orodha hizohizo huharibu kuburuta. Andika Jan, shika kile kimraba cha pembeni uvute chini: utapata Feb, Mar, Apr. Mtu mmoja aliyelipa mara nne anakuwa watu wanne. Vuta huku umeshikilia Ctrl, au chagua seli zote ubonyeze Ctrl+D.

Balaa lenyewe ni namba. Jan peke yake hubaki jina, ila ukiwatofautisha wawili kwa "Jan 1" na "Jan 2", umeandika tarehe. "Jan 40" inasomwa Januari ya mwaka unaoishia na 40, kwa kuwa hakuna siku ya 40. Kubadili seli kuwa Text (maandishi) baada ya hapo hakusaidii: tarehe 2 Januari 2024 itageuka 45293, hesabu ya siku tangu 1900, na jina halirudi. Ifanye safu iwe Text kabla ya kuandika, au anza na alama ya '. Binafsi ningetumia herufi ya ukoo, Jan K. na Jan M., yaishe. Wanasayansi wa jeni walichoka kabisa: kufikia mwaka 2020 jeni MARCH1, ambayo Excel huisoma kama tarehe, ilikuwa imepewa jina jipya, MARCHF1, na SEPT1 ikawa SEPTIN1.

Faili la CSV (data ya maandishi matupu iliyotenganishwa kwa koma) usilifungue kwa kubofya mara mbili, maana majina kama "May 12" hugeuzwa papo hapo, na ukihifadhi ndiyo basi. Pitia Data, From Text/CSV, Transform Data, kisha ipe safu ya majina aina ya Text. Ukiulizwa, chagua "Replace current". Ukichagua "Add new step", utakuwa unageuza tarehe kuwa maandishi, si kurudisha jina.