Kabla ya Kupima Amini Kidogo Sana katika Maji ya Bahari: Mambo ya Kuzingatia

Anayesimama soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, maji yakiwa yamekupwa, hahitaji mashine kumwambia kwamba amini, yaani kemikali zenye nitrojeni zilizo jamii moja na amonia, zipo. Harufu ya samaki wa baharini aliyeanza kuoza ni ya trimethilamini, ambayo bakteria huitengeneza kutokana na oksidi yake iliyomo katika nyama ya samaki huyo. Hata hivyo, pua humpotosha mkemia anayejiandaa kupima kwa kromatografia ya kimiminika (viambato hutenganishwa ndani ya bomba liitwalo koluni, kisha husomwa na kigunduzi), kwa sababu trimethilamini ni amini ya daraja la tatu, yaani nitrojeni yake imeshikana na vikundi vitatu vya kaboni, na kwa utaratibu wa kawaida kitendanishi cha kloridi ya FMOC, kemikali inayopachikwa kwenye amini ili zing'ae, hushikana na amini za daraja la kwanza na la pili tu, kama methilamini na dimethilamini. Kwa hiyo ni lazima kuamua kabla ya kuosha hata chupa moja ni amini zipi zinazotafutwa, maana kitendanishi, koluni na kigunduzi vyote hufuata uamuzi huo.

Amini hizi mbili hazing'ai zenyewe wala hazifyonzi vizuri mwanga wa urujuanimno, na ndiyo sababu hupachikwa FMOC, ambayo humulikwa kwa mwanga wa nanomita 265 na kusomwa kwenye nanomita 315 hivi. Kitendanishi hicho huharibiwa na unyevu, hivyo kiyeyushwe katika asetonitrili kavu, na kiandaliwe kipya siku ya kazi.

Chupa za sampuli ziwe za polipropilini, kwa kuwa uso wa kioo hunasa amini, na kinachonaswa pale hakitaonekana tena kwenye mashine. Methilamini huchemka kwenye nyuzi 6 chini ya sifuri na dimethilamini kwenye nyuzi 7, zote za Selsiasi, kwa hiyo katika joto la Dar es Salaam kila amini inayobaki bila chaji ina njia ya kutoroka hewani. Asidi ya haidrokloriki ikitiwa mpaka pH ya 2 hivi huzifunga amini zikiwa ioni, na wakati huohuo huzuia bakteria wanaoweza kuzila au kutengeneza nyingine njiani. Lakini asidi hiyohiyo huvuta amonia na amini za hewani, ikageuka mtego. Chupa ifunguliwe kwa muda mfupi tu, ifungwe barabara, na iwekwe kwenye barafu. Saa ya kuchota, na kama maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa, viandikwe palepale.

Jambo linalostahili muda mwingi kuliko yote ni sampuli tupu, yaani maji safi yanayopitishwa katika hatua zilezile zote. Amonia iko katika dawa za kusafishia sakafu, moshi wa sigara una methilamini, na hata glavu zinaweza kuacha kitu juu ya mfuniko, kwa hiyo kila kifaa kipimwe kabla ya kuaminiwa. Friji ya sampuli isihifadhi kitoweo cha mtu, hata kiwe kimefungwa namna gani. Nalitaja hili kwa sababu ni rahisi kulidharau. Chupa moja ya maji safi ipelekwe Feri, ifunguliwe hapo kwa muda uleule wa kuchota, kisha irudi na wenzake. Tofauti kati yake na sampuli tupu ya maabara ndiyo itakayoonyesha uchafu uliingilia wapi.

Chumvi nayo idai nafasi yake katika mpango. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 10.8 hivi za sodiamu, nazo huzisukuma amini nje ya katriji ya kubadilishana ioni, yaani kichujio kidogo kinachonasa vitu vyenye chaji, kabla hazijashikwa. Njia iliyo salama zaidi ni kupachika FMOC ndani ya maji yenyewe, baada ya kuyaondolea asidi na kuyatia bafa ya borati inayoshikilia pH isiyumbe, kisha kunasa kilichopatikana kwa katriji ya C18, ambayo hunasa vitu visivyopenda maji, chumvi ikapita zake. pH isipandishwe mno, la sivyo magnesiamu ya bahari itageuka mashapo meupe. Kitendanishi kiwe cha kutosha, kwa kuwa amonia na asidi amino zilizomo hukigombania pia, na ziada yake imalizwe kwa glisini.

Myeyusho sanifu, yaani ule ambao kiasi cha amini yake kinajulikana, huandaliwa kwa chumvi za haidrokloridi, ambazo hufyonza unyevu na hukaushwa kabla ya kupimwa. Hesabu isisahau kwamba miligramu 1 ya haidrokloridi ya methilamini ina miligramu 0.46 tu za amini, na ya dimethilamini 0.55. Mstari wa ulinganishaji, unaogeuza usomaji wa mashine kuwa kiasi cha amini, utengenezwe katika maji ya bahari, si ya kunereka, na saiklopropilamini iongezwe kwa kiasi kilekile kwenye kila chupa kama kipimo cha ndani, cha kulinganishia kinachopotea njiani.

Umeme ukikatika katikati ya mfululizo, sampuli zilizokwisha kupachikwa FMOC zitakaa zikingoja, kwa hiyo betri ya akiba ikaguliwe pamoja na taa ya kigunduzi.

Wiki moja kabla ya kuchota, sampuli tupu kumi zipimwe mfululizo. Wastani wao ukijumlishwa na mara tatu ya mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi matokeo yanavyotofautiana) hutoa kiwango cha chini kinachoweza kudaiwa kuwa kimeonekana. Kiwango hicho kikizidi kile kinachotarajiwa baharini, safari ya Feri iahirishwe na chupa zirudi kuoshwa.