Mchezaji wa chuo kaumia: namna ya kumhudumia kama treina, toka anaanguka mpaka anarudi kucheza

Ukianza kazi ya utreina kwenye vyuo vya Marekani kitu cha kwanza utakachokutana nacho ni mchezaji anayekwambia yuko fiti. Enka imevimba mpaka kiatu hakivuki, yuko fiti. Kagongwa kichwa haelewi hata timu yake inashambulia goli lipi, yuko fiti. Sio kwamba ni muongo, ila ana skolashipu, ana namba kwenye timu ambayo kuna mwenzake anaililia kila siku, na wazazi wamesafiri kuja kumuona anacheza, kwa hiyo ukimuuliza unaendeleaje jibu unalo hata kabla hajafungua mdomo. Kazi yako kwa kiasi kikubwa ni kuupata ukweli kwa njia ambazo hazitegemei hilo jibu.

Na kwa asiyeijua hii kazi, treina hapa sio yule wa gym anayekuhesabia pushapu. Ni mtu wa afya, siku hizi anaingia kwenye fani kwa digrii ya masters, anafanya mtihani wa BOC, bodi ya Marekani inayothibitisha matreina, karibu majimbo yote yanamdai leseni, na anafanya kazi na daktari wa timu.

Kabla hajaumia mtu

Watu wanaruka hii sehemu manake haina msisimko. Kila uwanja, kila ukumbi, hata bwawa la kuogelea, liwe na mpango wake wa dharura ulioandikwa: nani anapiga 911 (namba ya dharura ya Marekani), nani anaenda kufungua geti, ambulensi inapitia mlango gani, mashine ya kushtua moyo (AED) iko wapi. Kabla ya mechi mnakutana dakika chache, wewe, treina wa timu pinzani, waamuzi na watu wa ambulensi, mnaulizana hayo hayo. Mashine ikiwa imefungiwa ofisini na funguo anayo mtu aliyetoka kula, hesabu kwamba hamna mashine, kwa sababu moyo ukisimama kila dakika inayopita bila kushtuliwa nafasi ya kupona inapungua kwa kama asilimia 7 mpaka 10. Mwaka 2023 mwezi wa 7 Bronny James, mchezaji wa basketi, moyo ulisimama mazoezini pale chuo kikuu cha USC, akahudumiwa, na mwezi wa 12 mwaka huo huo akawa uwanjani anacheza. Mambo kama hayo yanataka watu waliojipanga kabla.

Msimu ukianza unachukua historia ya kila mchezaji: pumu, mzio, upasuaji wa zamani, kama kuna ndugu alikufa ghafla akiwa kijana. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inataka pia hali ya vinasaba vya selimundu ijulikane, kwa sababu mwenye kurithi kinasaba kimoja anaweza kuanguka vibaya akisukumwa mazoezi makali mfululizo bila kupumzika. Alafu unampima kumbukumbu, uwezo wa kusimama bila kuyumba na kasi ya kufikiri akiwa mzima ili uwe na cha kulinganisha akigongwa kichwa. Na hapo ndo utakapoanza kuwajua hawa vijana, manake kuna wanaofeli hicho kipimo makusudi, ili siku wakiumia matokeo yafanane! Ukiona mtu mwenye akili zake darasani anashindwa kukumbuka maneno matano, mwambie arudie kesho.

Akianguka

Wakati unamkimbilia macho yaanze kazi kabla hujafika: anasogea? kashika nini? kuna aliyemgusa? Aliyeanguka bila kuguswa na haitikii, mchukulie moyo umesimama mpaka uthibitishe vingine, na usidanganywe na kutetemeka au kukoroma kwa pumzi za mbali mbali, watu wengi wanafikiri ni kifafa wakati moyo haufanyi kazi. Kifua kianze kushindiliwa, mashine ije. Kama kuna wasiwasi wa shingo mtu mmoja anashika kichwa na hakiachi mpaka mtu wa ambulensi apokee, na kama ni futiboli ya Kimarekani usiivue helmeti peke yake ukaacha pedi za mabega, kichwa kinaangukia nyuma na shingo inakunja. Ama vyote ama uviache.

Hatari ya kifo ikishatoka ndo unarudi kwenye mpangilio wa kawaida: uliza, angalia, gusa, jaribu. Anza na upande usioumia, wengi wanasahau hii, kumbe goti la mtu mwingine limezaliwa legelege na ukishika bovu tu utalishangaa bure. Maswali yawe ya kitu kilichotokea sio ya hali yake. "Mguu ulikuwa chini au hewani? Ulisikia kitu kinakatika? Uliweza kuinuka mwenyewe?" Goti lililolia "po" wakati anageuka, likaanza kujaa ndani ya saa chache, wewe fikiria ACL (ligamenti ya katikati ya goti) imekatika, na lijaribu mapema kwa kipimo cha Lachman, goti limekunjwa kidogo nyuzi 20 mpaka 30, kabla misuli haijakaza kwa maumivu na uvimbe haujafika. Kesho asubuhi hutopata kitu hapo.

Enka ndo utakutana nazo kila wiki. Kanuni za Ottawa zitakusaidia kuamua nani aende eksirei: bonyeza ukingo wa nyuma wa mifupa miwili ya enka, sentimita 6 za mwisho mpaka kwenye ncha, bonyeza kitako cha mfupa upande wa kidole kidogo na ule mfupa wa navikula kwa ndani ya mguu, alafu muone kama anaweza kupiga hatua 4. Akiuma kwenye mfupa hapo au hatua zikishindikana, picha. Kama ni kuteguka tu na anataka kurudi mechi hiyo hiyo mwambie aruke kwa mguu mmoja, mkimbize, mkatishe kulia na kushoto, na wakati anaruka wewe mwangalie usoni. Mguu anaweza kuulazimisha, uso ni ngumu zaidi.

Barafu? Weka dakika 10 mpaka 20 kama inamtuliza maumivu, bandeji ya kubana, mguu juu. Daktari Gabe Mirkin aliyeanzisha ile fomula ya kupumzika na barafu mwaka 1978 mwenyewe baadae alikuja kupunguza imani na barafu. Kinachoponya ni kuanza kuutumia mguu taratibu mapema.

Kichwa

Hapa hamna majadiliano. Ukihisi mtikisiko wa ubongo anatoka, unampima pembeni au chumba kilichotulia kwa fomu ya SCAT6, na ikithibitika hachezi tena siku hiyo, hata ingekuwa fainali. Njia bora ninayoijua ya kumzuia ni kuchukua helmeti yake na kukaa nayo. Nasema kweli, usimwachie kwenye benchi, ukigeuka kuhudumia mwingine utamkuta yuko ndani anacheza.

Usiku ule asilale peke yake chumbani, na usimpe maelekezo yeye tu kwa sababu hatokumbuka na hata akikumbuka hatosema. Akikubali, muite anayelala nae chumba kimoja umwambie dalili za kukimbilia hospitali: kichwa kinazidi kuuma, anatapika tena na tena, mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko nyenzake, mkono au mguu unalegea, anasinzia hadi kumuamsha shida. Huyo rafiki wa chumbani ndo chanzo chako bora cha habari wiki nzima, atakwambia jamaa anakaa gizani na anasahau kama kala, wakati mwenyewe kakujia asubuhi anatabasamu.

Siku moja mpaka mbili za mwanzo apunguze mambo, simu na kompyuta apunguze pia, ila kutembea tembea ruksa, siku hizi hatumfungii mtu chumbani. Alafu ngazi: shughuli ndogo za kila siku, mazoezi mepesi kama baiskeli, mazoezi ya mchezo wake peke yake, mazoezi na wenzake bila kugongana, mazoezi kamili baada ya daktari kuruhusu, mwisho mechi. Zile za juu kila moja angalau saa 24, na dalili zikirudi anashuka ngazi. Darasani nako ni sehemu ya matibabu, mtu hawezi kusoma kurasa mbili bila kichwa kuuma alafu unamwachia afanye mtihani wa kemia, kwa hiyo wasiliana na mshauri wake wa masomo mapema.

Joto

Mchezaji anakimbia mazoezini kwenye jua, anaanza kuyumba, anajibu ovyo au anakuwa mkali bila sababu, mtoe. Joto la mwili lipimwe kwa njia ya haja kubwa, hakuna mbadala, kipimo cha mdomoni, kwapani au paji la uso hapo kitakudanganya vibaya. Ikifika nyuzi 40 na kitu na akili haiko sawa, mtumbukize kwenye pipa la maji ya barafu palepale uwanjani, mwili mzima mpaka shingoni, mtu amshike asizame, maji yakorogwe, na umtoe akifika karibu 38.9. Ambulensi unaiita lakini inasubiri. Poza kwanza, safirisha baadae. Lengo ni ashuke ndani ya nusu saa. Mwaka 2018 Jordan McNair, kijana wa miaka 19 wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kikuu cha Maryland, alipata kiharusi cha joto (mwili kupanda joto mpaka ushindwe kujipoza) mazoezini, hakuingizwa kwenye maji ya baridi, akafariki wiki mbili baadae, na chuo chenyewe kikakiri wajibu. Pipa lijazwe kabla ya mazoezi, sio mtu akishaanguka.

Kocha na wengine wanaotaka kujua

Uamuzi wa nani acheze ni wako na daktari. Kocha hana kura. Ila usimwendee na neno "haiwezekani" tu, mpelekee anachoweza kufanya: "Leo anapiga mipira akiwa amesimama, hakimbii, Alhamisi namjaribu." Kocha akiwa na cha kupanga kelele zinapungua nusu. Na taarifa za mchezaji zitoke kwa ruhusa yake, hasa siku hizi ambapo kubeti kumeruhusiwa majimbo mengi tangu ile hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 2018, maana yake habari kwamba goti la mlinda mlango halijapona ni hela kwa mtu fulani, na huyo mtu anaweza kuwa mwanafunzi mwenzake anayekusalimia vizuri kantini. Yote uliyoyaona yaandike siku hiyo hiyo kwenye faili.

Miezi ya katikati

Hapa ndo utreina wenyewe ulipo. Aliyefanyiwa upasuaji wa ACL utaonana nae karibu kila siku kwa miezi 9 au zaidi, na kabla ya hapo usimrudishe hata akikupigia magoti, hatari ya kuumia tena inakuwa kubwa. Kalenda pekee haitoshi, nguvu ya paja ifike angalau asilimia 90 ya ule mguu usioumia, na kuruka kwa mguu mmoja vilevile. Katikati ya hiyo safari, kama mwezi wa nne hivi, wengi wanazama: hawasafiri na timu, hawaitwi kwenye grupu, maendeleo hayaonekani. Mpe kazi mazoezini, ahesabu, arekodi video, awe na wenzake tu. Akianza kukosa miadi, kukosa usingizi, au kuongea kama mtu aliyekata tamaa, muulize wazi kama anafikiria kujidhuru na mpeleke kwa mshauri nasaha wa chuo wewe mwenyewe, usimpe namba ya simu ukaondoka.

Wakimbiaji wa mbio ndefu ni habari nyingine, na kati yao kuna vijana wengi wametoka Kenya. Hawa wanavumilia mno. Maumivu ya mfupa wa muundi yanayokaa sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, yanayouma hata usiku, ni ufa wa mfupa mpaka ikanushwe, na msichana aliyeacha kuona siku zake au anayekula kidogo kuliko anavyokimbia anahitaji daktari na mtu wa lishe, sio soli mpya. Waambie mapema kwamba kwa kawaida kumuona treina wa chuo hawalipii, kuna wanaokaa kimya wakiogopa bili.

Siku akirudi rasmi mpe nusu ya mazoezi, alafu usimuulize jioni ile. Jioni damu bado inachemka na furaha imejaa, kila kitu kiko poa. Mwambie apite kwako kesho yake asubuhi kabla ya darasa, pima uvimbe wa goti kwa tepu ulinganishe na jana, muone anavyoshuka ngazi wakati hajui unamwangalia, na hapo ndo uamue kama jioni anaongeza au anarudi nyuma siku mbili.