Kumlinda mtoto ambaye homa moja inaweza kumwangusha

Naandika kwa mzazi aliyeambiwa juzi tu kwamba mtoto wake ana ugonjwa wa kutoweka kwa sehemu nyeupe ya ubongo. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Ila ugonjwa huu mara nyingi humshusha mtoto kwa vishindo, na vishindo hivyo huletwa na homa, pigo la kichwa au hofu ya ghafla. Hayo matatu ndiyo tunayoweza kuyapunguza.

Kasoro iko kwenye mojawapo ya jeni tano, EIF2B1 hadi EIF2B5, zinazosaidia seli kudhibiti utengenezaji wa protini, hasa mwili unapopata msukosuko kama homa. Mwanangu alikuwa akitembea kwa kushika ukuta. Akaugua malaria, akapona, lakini kusimama hakusimama tena.

Kwa hiyo anza na homa. Kipimajoto kiwe nyumbani, na mkono kwenye paji la uso usikutoshe. Parasetamoli mpe kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa dozi moja, usimpe zaidi ya mara nne kwa saa 24. Wangu ana kilo 12. Kwa chupa iliyoandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, dozi yake ni mililita 5 mpaka 7.5. Soma chupa yako kila unaponunua, kwani nguvu ya dawa hutofautiana. Maji baridi usimmwagie, yanamshtua. Kisha mpeleke hospitali hapo hapo, hata kama ni usiku wa manane, apimwe malaria na chanzo kingine cha homa kitafutwe. "Tuone mpaka kesho" si neno la mtoto huyu. Akiwa analegea, anatapika, ana degedege au haamki vizuri, usisubiri hata dawa ishuke tumboni.

Beba karatasi yenye jina la ugonjwa, uzito, dawa anazotumia, na sentensi moja kwa herufi kubwa: HOMA KWAKE NI DHARURA. Muombe daktari wake aitie saini na muhuri. Zahanati moja ilitupanga foleni ya kawaida huku anachemka. Tangu nina karatasi hiyo, nasikilizwa.

Chandarua kila usiku, na chanjo zote kwa ratiba, surua ikiwemo. Baada ya chanjo mchunge joto, na mpango wa dawa uwe umeuzungumza na daktari mapema.

Kichwa: godoro tumelishusha chini, pembe za meza tumezifunga matambara, bodaboda hapandi. Akiwa anakaa kwa kuyumba, mtu awe nyuma yake.

Hofu ndiyo watu wasioielewa. Waambie watoto wa jirani, na wajomba wenye mizaha, wasimkurupushe. Kabla ya sindano mweleze taratibu, umshike.

Na usikubali maneno ya mkono wa mtu, wala ya kwamba ni damu ya ukoo wa mama. Baba na mama, wote wazima, kila mmoja amempa jeni moja yenye kasoro; kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mwenye ugonjwa huu. Majibu ya vipimo vya jeni vya mtoto yatunze vizuri, maana mkitaka kupima mimba nyingine, maabara itaanzia hapo.